Gari la dola 4,600 ni shilingi ngapi likifika Malindi? Mwongozo kamili wa kupiga hesabu ya ushuru na usajili

Hapa Malindi swali huja jioni, watu wakiwa barazani. Mtu anakusogezea simu, anakuonyesha picha ya Toyota Fielder nyeupe iliyooshwa ikang'aa, imeegeshwa kwenye yadi huko Japani, na chini yake imeandikwa dola elfu nne na ushei. "Kaka, hii si laki sita tu?" Ukimwambia aongeze laki nane na kitu ndipo aiendeshe mpaka mtaani Shella, anakutazama kama unayemwonea wivu.

Mimi pia niliwahi kumtazama mtu hivyo. Nilipoagiza gari langu la kwanza, ajenti niliyemtegemea aliniambia kwa mdomo kuwa ushuru "hauzidi laki nne". Hati ya malipo ilipotoka, deni lilizidi hapo kwa zaidi ya laki moja. Gari likakaa kwenye kituo cha makontena Mombasa siku kumi na moja nikitafuta pesa za kuongezea, na kila siku ilikuwa na malipo yake. Hakuna aliyeniibia. Kosa lilikuwa langu: nilipiga hesabu kwa bei niliyonunulia, na Mamlaka ya Mapato, KRA, haitumii bei hiyo. Ukilielewa hilo peke yake umeshavuka nusu ya safari, kwa hiyo nitalikalia kuliko mengine yote.

Viwango ninavyotumia hapa ni vile vilivyokuwepo baada ya sheria ya kodi kurekebishwa Desemba 2024. Bajeti husomwa kila Juni na sheria mpya ya fedha kwa kawaida huanza Julai, kwa hivyo kabla ya kutuma hata dola moja, hakikisha asilimia hazijaguswa. Njia ya kupiga hesabu ni ile ile hata namba zikibadilika.

Hatua ya kwanza: jua kama gari lenyewe linaruhusiwa kuingia

Usianze na bei. Anza na mwaka. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na miaka huhesabiwa tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 mwisho ulikuwa magari ya 2018. Kwa 2026 ni 2019. Ndiyo maana ikifika Oktoba na Novemba utaona magari ya mwaka wa mwisho yakishushwa bei ghafla. Muuzaji anajua kuwa likichelewa likaingia Januari, haliingii tena. Meli kutoka Japani hadi Mombasa huchukua mwezi, wakati mwingine mwezi na nusu, na huo ni mbali na siku za kungoja nafasi melini. Bei hiyo tamu ya Novemba iache iwapite wengine.

Usukani lazima uwe kulia. Nalisema hili kwa sababu ya mji wetu: hapa Malindi kuna familia nyingi zenye mguu mmoja Italia, na kila mwaka husikia mtu akipanga kuleta gari la shemeji kutoka Milano. Gari la usukani wa kushoto halisajiliwi Kenya ila kwa kazi maalumu kama gari la wagonjwa au la zimamoto. Na kuhusu kuleta gari lako bila ushuru, mwenye haki ya msamaha ni mtu aliyekuwa akiishi nje na sasa anahamia nyumbani, ambaye amelimiliki na kulitumia gari hilo huko kwa muda usiopungua miezi 12, tena kwa gari moja tu. Msamaha huo huombwa kwa karatasi zake, na sharti la umri na la usukani liko pale pale.

Tena gari lazima likaguliwe huko huko linakotoka na kampuni iliyoteuliwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lipewe cheti kabla halijapanda meli. Muulize muuzaji kama gharama ya ukaguzi imo katika bei aliyokupa. Wengine huiweka ndani, wengine hukuongezea mwishoni.

Hatua ya pili: soma bei ya muuzaji vizuri

Tangazo likisema FOB, hiyo ni bei ya gari mpaka linapopakiwa melini. Nauli ya meli haimo. Likisema CIF Mombasa, ndani yake mna gari, bima ya baharini na nauli. Linganisha CIF kwa CIF. Nimeona watu wakifurahia gari la dola 3,300 wakaacha la dola 4,500, kumbe la kwanza ni FOB na nauli yake ni zaidi ya dola elfu moja.

Bima ya mizigo ya baharini nayo ina jambo lake. Sheria ya Kenya inataka mwagizaji ainunue kwa kampuni ya bima iliyosajiliwa hapa nchini, na tangu 2025 forodha wamekuwa wakali kuidai wakati wa kutoa mzigo. Kwa hivyo kama muuzaji wa Japani amekutoza bima yake, mwambie aiondoe akupe bei ya gari na nauli peke yake, usije ukalipa bima mara mbili.

Halafu kuna dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ilishuka ikakaa karibu na 130. Aliyeagiza gari la dola 5,000 wakati ule alitoa karibu shilingi 150,000 zaidi ya aliyengoja. Huwezi kuitabiri dola, ila unaweza kuacha kuhesabu kwa kiwango cha magazetini. Tumia kiwango ambacho benki yako itakuuzia, ambacho huwa juu kidogo, na uongeze gharama ya kutuma.

Kwa mfano wetu, tuseme Fielder ya cc 1500 (cc ni ukubwa wa injini) inafika Mombasa kwa CIF ya dola 4,600, bima ya baharini ikiwemo, popote ulipoinunua. Kwa shilingi 130, hiyo ni 598,000.

Hatua ya tatu: tafuta thamani ya KRA, maana hapo ndipo watu huangukia

KRA ina orodha ya bei za magari yakiwa mapya, kila aina na kila modeli, inayojulikana kwa herufi CRSP. Afisa wa forodha haulizi ulinunua kwa ngapi. Anachukua bei ya orodha ya gari lako, anaipunguza kulingana na umri wake (likizeeka hupunguziwa zaidi), kisha anaondoa ndani yake kodi na faida ya muuzaji ambazo zilikuwa zimejumuishwa katika bei ile ya dukani. Kinachobaki ndicho thamani ya forodha, na kodi zote hupigwa juu ya namba hiyo.

Maana yake ni kwamba ukibahatika kupata gari kwa bei ya kutupa, bahati hiyo inaishia kwa muuzaji. KRA itakutoza sawa na jirani yako aliyenunua kwa bei kubwa. Na kinyume chake: magari mawili ya bei moja huko Japani yanaweza kuwa na ushuru unaotofautiana sana, kwa sababu moja bei yake katika orodha iko juu.

Orodha yenyewe iko kwenye tovuti ya KRA na mtu yeyote anaweza kuipakua. Usitafute kwa jina la mtaani. "Fielder" peke yake haitoshi. Angalia herufi za modeli zilizo kwenye cheti cha gari au kwenye tangazo: NZE161G ni Fielder ya cc 1500 inayovuta kwa magurudumu mawili, NZE164G ni ya cc 1500 inayovuta kwa manne, ZRE162G ni ya cc 1800, na NKE165G ni haibridi, ya petroli na umeme. Zinafanana kwa macho kiasi cha kumchanganya hata fundi, lakini katika orodha kila moja ina mstari wake na bei yake. Mwombe muuzaji picha ya kile kibati cha chini ya boneti au cha mlangoni, usome mwenyewe.

Na hakikisha orodha unayoisoma ndiyo inayotumika. Huwa inafanyiwa marekebisho, na kwenye mitandao bado zinazunguka za miaka iliyopita. Njia ya uhakika ni kumtumia ajenti wa forodha aliye na leseni herufi za modeli, mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, cc na aina ya mafuta, umwambie akuandikie thamani ya forodha na kila kodi katika mstari wake. Wapelekee maajenti wawili. Wakitofautiana kwa elfu mbili tatu, si neno. Wakitofautiana kwa laki, mmoja amesoma mstari usio wake, na ni afadhali ujue sasa kabla gari halijapanda meli.

Hatua ya nne: panga kodi moja moja, kwa utaratibu wake

Kodi za gari ni tano, na tatu za kwanza hupandiana mgongoni. Utaratibu ukiuvuruga, jibu linakuwa la kwako peke yako.

Ya kwanza ni ushuru wa forodha, asilimia 35 ya thamani ya forodha. Kabla ya Julai 2023 ilikuwa 25. Mtu akikuletea hesabu ya gari la binamu yake la 2022, mshukuru na uiweke pembeni.

Ya pili ni ushuru wa bidhaa. Huu hupigwa juu ya thamani ya forodha ikiwa imeshaongezwa ule ushuru wa kwanza. Kiwango kinategemea injini: asilimia 20 kwa gari lisilozidi cc 1500, asilimia 25 likizidi hapo, na asilimia 35 kwa magari ya petroli yanayozidi cc 3000 na ya dizeli yanayozidi cc 2500. Gari la umeme tupu ni asilimia 10.

Ya tatu ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, juu ya jumla ya thamani, ushuru wa kwanza na wa pili. Yaani unalipa kodi juu ya kodi juu ya kodi. Kulalamika ni haki yako, lakini hakupunguzi.

Ya nne na ya tano ni ndogo na hupigwa juu ya thamani ya forodha peke yake: ada ya tamko la uagizaji, IDF, asilimia 2.5, na ada ya maendeleo ya reli, asilimia 2. Hii ya reli ilishushwa hadi 1.5 mwaka 2023, ikarudishwa 2 mwishoni mwa 2024.

Sasa tuifanyie kazi Fielder yetu. Bei tuliyolipa ni 598,000, lakini tuseme thamani ya forodha imetoka 720,000. Hii nimeiweka kwa mfano tu. Ya gari lako utaipata kwa ajenti.

Ushuru wa forodha: 720,000 × 35% = 252,000
Jumla ya kuendelea nayo: 972,000
Ushuru wa bidhaa: 972,000 × 20% = 194,400
Jumla ya kuendelea nayo: 1,166,400
VAT: 1,166,400 × 16% = 186,624
IDF: 720,000 × 2.5% = 18,000
Reli: 720,000 × 2% = 14,400
Jumla ya kodi: 665,424

Kama ungepiga hesabu hiyo hiyo kwa bei uliyolipa, yaani 598,000, ungepata kama 552,700. Pengo ni laki moja na elfu kumi na mbili na ushei. Hilo ndilo pengo lililonilaza macho siku zile kumi na moja.

Ukitaka njia ya mkato ya barazani, zidisha thamani ya forodha kwa 0.9242 kama gari halizidi cc 1500, kwa 1.0025 likiwa la asilimia 25, na kwa 1.1591 likiwa la asilimia 35. Kwa gari la asilimia 25, kwa hivyo, kodi ni karibu sawa na thamani yenyewe, shilingi kwa shilingi. Ami yangu wa Maweni, mfanyabiashara wa samaki, alinishikilia anataka ya cc 1800 kwa sababu "hii ndogo haina nguvu, mwanangu". Nikamwandikia kwenye karatasi: kwa thamani ile ile ya 720,000, kodi yapanda kutoka 665,424 hadi 721,800, na bado bei ya orodha ya ile ya 1800 iko juu zaidi kwa hiyo pengo litazidi kupanuka. Akaniuliza hiyo elfu hamsini na sita ni kilo ngapi za changu. Alichukua ya 1500.

Wengi huuliza pia kuhusu ile kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Ilikuwa katika mswada wa fedha wa 2024, ule ulioondolewa Juni mwaka huo baada ya maandamano. Usiiweke katika hesabu.

Hatua ya tano: bandari, meli na ajenti

Hapa hakuna asilimia ya kushika, kuna risiti nyingi ndogo. Kampuni ya meli hutoza hati ya kukabidhi mzigo na mambo yake mengine. Bandari hutoza kushusha. Kituo cha makontena kilichopelekewa gari, kile kila mtu anakiita CFS, hutoza kuhamisha na kulitunza, na zile siku za bure zikiisha, kila siku ina bei. Kisha ajenti na mshahara wake.

Mimi huweka 95,000 kwa vyote hivi kwa gari dogo linalotoka bila kuchelewa. Muulize ajenti akupe jumla iliyoandikwa na akutajie kile ambacho hakimo. Neno la kumbana nalo ni hili: "Kuna kitu nitakachodaiwa Mombasa ambacho hakiko kwenye karatasi hii?" Atanyamaza kidogo, kisha utaona anaongeza mistari miwili.

Kodi yenyewe usimpe ajenti mkononi wala usimtumie kwenye akaunti yake. Akishaingiza gari kwenye mfumo wa forodha, hutoka hati ya malipo yenye nambari ya malipo, na hati hiyo hulipwa moja kwa moja kwa KRA, benki au kwa M-Pesa. Lakini angalia: M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja wala 500,000 kwa siku. Kodi ya 665,424 haimaliziki kwa simu siku hiyo moja. Nenda benki asubuhi. Na si Ijumaa mchana, maana malipo yakichelewa kuonekana mpaka Jumatatu, siku za CFS zinaendelea kuhesabika.

Pesa za kodi ziwe tayari kabla meli haijatia nanga. Ukiweza kumfanya ajenti aanze makaratasi meli ikiwa bado baharini, ni bora zaidi.

Hatua ya sita: usajili na vibao

Baada ya kodi, hii ni kama chai baada ya pilau. Usajili hufanywa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Utahitaji PIN ya KRA (nambari yako ya kodi), kitambulisho, na akaunti yako mwenyewe ya huduma za NTSA, iliyofunguliwa kwa nambari yako ya simu na si ya ajenti. Nasisitiza hili la simu. Nimekutana na mtu wa mtaa wa Barani, hapa Malindi, ambaye gari ni lake, nambari iliyo kwenye akaunti ni ya ajenti, na ajenti hapokei simu. Alipotaka kuuza ilibidi aanze upya kujithibitisha.

Ada ya usajili hupanda kwa cc na ni elfu chache tu. Vibao vya nambari vya kizazi kipya, vilivyoanza 2022 na herufi za KDK, hugharimu 3,000 ukibadilisha vya zamani. Kwa vyote, usajili, logibuku (hati ya umiliki), vibao na nenda-rudi, mimi hutenga 10,000 na kwa kawaida chenji hubaki. Jina la logibuku liandikwe kama lilivyo kwenye PIN, herufi kwa herufi. Kwa sisi wenye majina ya Kiarabu yanayoandikwa kwa namna tatu, Abdulrahman na Abdurahman ni watu wawili mbele ya kompyuta.

Hatua ya saba: bima kabla ya daraja la kwanza

Huwezi kuliendesha gari kutoka Mombasa bila bima. Sheria inalazimisha ile ya kufidia watu wengine, ambayo kwa gari la binafsi ni elfu kadhaa kwa mwaka. Ile kamili hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari, mara nyingi kuanzia 3.5 au 4 na kuendelea, na kampuni nyingi zina kiwango cha chini ambacho hawashuki hapo. Thamani inayotumiwa hapa ni ya gari likiwa barabarani Kenya, si ile ya Japani. Fielder yetu tuseme ni 1,350,000:

Malipo ya bima kwa 4%: 54,000
Ada ya mafunzo 0.2% na ya mfuko wa fidia 0.25%: 243
Stempu: 40
Jumla: 54,283

Kama gari umelikopea benki, bima kamili haiepukiki, na logibuku itaandikwa majina mawili, lako na la benki.

Hatua ya nane: jumlisha yote, kisha hesabu kinyumenyume

Gari, CIF: 598,000
Gharama za kutuma pesa: 5,000
Kodi za KRA: 665,424
Bandari, meli, CFS na ajenti: 95,000
Usajili na vibao: 10,000
Bima: 54,283
Dereva na mafuta, Mombasa hadi Malindi: 6,000
Huduma ya kwanza, oili, betri, labda tairi mbili: 40,000
Jumla: 1,473,707

Juu ya hiyo weka akiba ya kama 75,000 kwa ajili ya dola kupanda na siku za CFS. Gari la laki sita limefika Malindi kwa milioni moja na nusu.

Sasa njia yenye manufaa zaidi ni ya kurudi nyuma. Usianze na gari ukauliza pesa. Anza na pesa. Tuseme unazo 1,200,000 kamili na hutaki kukopa. Toa yale ambayo hayategemei sana bei ya gari: kutuma, bandari, usajili, bima, safari, fundi. Katika mfano wetu ni 210,283, sema 210,000. Unabaki na 990,000 za gari na kodi yake. Kama thamani ya KRA ingekuwa sawa na bei ya kununulia, ungegawa 990,000 kwa 1.9242 upate kama 514,500, yaani karibu dola 3,950. Lakini mara nyingi thamani ya KRA iko juu, kwa hivyo usitafute gari la dola 3,950. Tafuta gari ambalo bei yake pamoja na 0.9242 mara thamani yake ya forodha haizidi 990,000. Utagundua haraka kwamba baadhi ya magari uliyokuwa ukiyapuuza ndiyo yanayokutosha, kwa sababu orodha inayaona ya bei ndogo. Na zile 75,000 za akiba je? Zitoe kwenye 990,000 kabla ya kuanza kutafuta, usijidanganye kuwa utazipata baadaye.

Kama si la kuagiza

Ukinunua gari jipya kabisa kwa muuzaji wa hapa nchini, kodi zimo ndani ya bei aliyokutajia, lakini muulize mambo matatu kwa maandishi: VAT imo? Usajili na vibao vimo? Bima ya mwaka wa kwanza imo? Magari yaliyounganishwa hapa nchini hayatozwi ule ushuru wa bidhaa. Ndiyo sababu pikapu iliyounganishwa Kenya huweza kuwa na bei ya kushindana na ile iliyoletwa nzima.

Ukinunua la yadi Mombasa, kodi ililipwa na mwenye yadi, na hesabu yako ni bei, bima na kuhamisha umiliki. Uzuri ni kwamba unaliona na kulijaribu. Faida yake mwenye yadi utamlipa, na kwa mtu asiye na muda wala akiba ya kuongezea, si hasara. Mimi nisingemcheka.

La mkononi, yaani la mtu aliyekwisha litumia hapa, halina ushuru kabisa. Lipa 550 kwa eCitizen upate rekodi ya gari, usome jina la mwenyewe na kama kuna benki inayolidai. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, wewe unaukubali kwenye yako, na ada yake hupanda kwa cc kama ya usajili. Sheria inataka ufanyike ndani ya siku 14. Usitoe shilingi ya mwisho kabla uhamisho haujaonekana kwenye akaunti yako, hata kama muuzaji ni mtoto wa shangazi. Kwa gari la mkononi la pwani, lala chini ulitazame tumbo. Upepo wa chumvi wa Silversands hula chuma kimyakimya, na rangi mpya ya juu haisemi lolote juu ya kilicho chini.

Siku ya kulichukua

Nenda mwenyewe Mombasa, au mtume mtu mwenye macho. Linganisha nambari ya chesisi iliyo kwenye gari na iliyo kwenye hati ya kodi na ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Hesabu tairi ya akiba, jeki, redio na mikeka ya sakafuni, vitu hivi hupenda kushuka kabla ya mwenye gari. Omba nakala ya hati ya forodha na risiti ya kodi uziweke kwenye faili moja na cheti cha ukaguzi wa Japani. Siku ukiuza, mnunuzi mwenye akili ataziulizia.

Kutoka Mombasa mpaka hapa ni kama kilomita 120, kupitia Mtwapa, Kilifi na Gede. Jaza mafuta ya kutosha, kwa sababu magari ya melini hushushwa na tangi karibu tupu na taa ya njano huwa inawaka tangu getini. Mwenzetu wa Lamu ana nyongeza moja katika hesabu yake: gari lake litaishia Mokowe, gati la upande wa bara, na maegesho ya Mokowe nayo ni ya kulipiwa, kwa hivyo apige simu aulize bei ya mwezi kabla hajaagiza.